Jaribu uwanjani kabla ya ukingoni: kujenga ndege isiyo na injini

Ndege yetu ya kwanza ilikaa angani sekunde nne. Tulikuwa tumeijenga kwa wiki saba, kikundi cha vijana kumi na wawili wanaojifunza useremala pamoja na sisi watu wazima watatu. Jumamosi moja ya Januari tuliipeleka kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, karibu na Iten, nchini Kenya. Tuliirusha kwa mkono kuelekea upepo. Ikaanza kupinda kulia. Kijana aliyeshika rimoti akasukuma kijiti kushoto ili kuinyoosha, lakini ndege ikazidi kupinda kulia. Akasukuma zaidi. Ndege ikageuka kabisa, ikarudi kwenye mteremko kwa kasi na kugonga jiwe, hatua kama kumi kutoka kwa mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi.

Hakuna aliyeumia. Mama wa yule mtoto alipanda hadi tulipokuwa na kutuuliza swali moja tu: ‘Mlikuwa mmeijaribu?’ Hatukuwa na jibu.

Katika makala hii tunaeleza jinsi tulivyojenga ndege ya pili, na jinsi tulivyoijaribu hatua kwa hatua. Vipimo tunavyotoa vinaweza kufuatwa na kikundi chochote chenye kisu kikali, msasa na uvumilivu. Lakini somo kubwa tulilopata linahusu kazi nyingi zaidi ya ndege.

Kosa lilikuwa la nani?

Siku ile wengi wetu tulimlaumu kijana aliyeshika rimoti. Tulisema alishtuka, akasukuma kijiti upande usiofaa. Yeye hakujibu. Kwa wiki mbili hakuja kwenye karakana.

Tulipokusanya vipande na kuwasha betri tena, tuligundua ukweli. Kijiti kikienda kushoto, usukani wa mkia ulikwenda kulia. Usiku wa kuamkia safari, kipini kinachoshika waya wa usukani kilikuwa kimevunjika. Mmoja wetu, mtu mzima, alikitengeneza upya na kukibandika upande wa pili wa usukani, kwa kuwa upande wa kwanza ulikuwa umechanika. Waya ukivuta kutoka upande wa pili, usukani hugeuka kinyume. Baada ya matengenezo hayo hakuna aliyewasha rimoti kuangalia.

Kulikuwa na jambo jingine lililotuhuzunisha zaidi. Msichana mdogo kuliko wote katika kikundi alisema kwamba aliuona usukani ukienda kinyume pale pale ukingoni. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba walimu walikuwa na haraka, na yeye ni mdogo.

Tulikwenda nyumbani kwa yule kijana kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Kisha tulianza upya.

Upepo unavyoinua ndege

Ndege isiyo na injini inashuka wakati wote ikilinganishwa na hewa inayoizunguka. Ndege kama yetu hushuka karibu mita moja kila sekunde. Lakini upepo unapokutana na mteremko hauna pa kwenda ila juu. Ikiwa hewa inapanda mita moja na nusu kila sekunde, ndege inayoshuka mita moja ndani ya hewa hiyo itapanda nusu mita. Ni sawa na mtu anayeshuka ngazi polepole huku ngazi yenyewe ikiinuliwa.

Ukingo wa Bonde la Kerio unatazama mashariki. Asubuhi jua hupiga mteremko huo kwanza, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kuanza kupanda. Katika miezi ya ukame upepo wa mashariki huongeza nguvu. Ndiyo maana watu wanaoruka kwa miavuli hufika Iten kutoka nchi nyingi.

Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo ndege ile ile lazima iende kwa kasi zaidi, karibu asilimia 12, ili mabawa yaweze kuibeba. Kama mnaishi Mombasa au Tanga ndege yenu itaruka polepole zaidi na itakuwa rahisi kuiongoza.

Waliotutangulia

Njia ya kujaribu kidogo kidogo si mpya. Otto Lilienthal wa Ujerumani alijenga kilima chake mwenyewe karibu na Berlin mwaka 1894, chenye kimo cha mita 15, ili aweze kuruka kuelekea upepo kutoka upande wowote. Aliruka mara 2,000 hivi. Alifariki Agosti 1896 baada ya ndege yake kuishiwa kasi hewani na kuanguka.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walijifunza kutokana na kazi yake. Ndege yao ya mwaka 1900 waliirusha kwanza kama tiara, imefungwa kwa kamba, karibu wakati wote bila mtu ndani. Ile ya 1901 haikubeba uzito kama walivyotarajia. Badala ya kubahatisha, walijenga sanduku la kupitisha upepo na kupima maumbo ya mabawa madogo karibu 200. Ndege ya 1902 waliirusha mara mamia kwenye vilima vya mchanga. Ndipo Desemba 1903 walipoweka injini. Mwaka 1911 Orville alirudi kwenye vilima hivyo na ndege isiyo na injini, akakaa hewani dakika 9 na sekunde 45 kwa nguvu ya upepo wa mteremko tu.

Vipimo vya ndege yetu

■ Mabawa: urefu wa sm 150 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sm 20.
■ Unene wa bawa: sm 2. Ukingo wa mbele umeviringwa, na nyuma umepunguzwa kwa msasa hadi kuwa mwembamba.
■ Ncha za mabawa: kila moja imeinuliwa sm 8 juu ya katikati. Umbo hili la V huisaidia ndege kujinyoosha yenyewe.
■ Mwili: mwanzi mkavu wa sm 110, wenye kisanduku cha plaiwudi nyembamba puani.
■ Mkia mlalo: sm 45 kwa sm 11. Mkia wima: kimo cha sm 18 na upana wa sm 14.
■ Umbali kutoka mahali pa mizani hadi katikati ya mkia: sm 62.
■ Mahali pa mizani: sm 6 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa.
■ Uzito wote: gramu 610. Hii ni karibu gramu 20 kwa kila kipande cha bawa chenye sm 10 kwa sm 10.

Vifaa na ujenzi

Mabawa tulikata kutoka kwenye povu gumu jeupe, lile linalowekwa ndani ya katoni za televisheni na friji. Tulibandika fito nyembamba za mwanzi, moja juu na moja chini ya kila bawa, ili lisikunjike. Halafu tulifunika bawa lote kwa seloteipu pana ya kufungia katoni.

Tumieni gundi nyeupe ya mbao. Tulijaribu gundi ya viatu na ikayeyusha povu mbele ya macho yetu. Gundi nyeupe hukauka polepole, kwa hiyo acheni kazi hadi kesho yake. Kama mnakata povu kwa waya wa moto, fanyeni hivyo nje, kwa sababu moshi wake una sumu.

Bawa likae juu ya mwili huku ukingo wake wa mbele ukiwa juu kuliko wa nyuma kwa mm 6. Mkia mlalo ukae sambamba na mwili. Tofauti hii ndogo ndiyo huifanya ndege iinue pua yenyewe inapoanza kupiga mbizi.

Vitu tulivyonunua ni vichache: rimoti na kipokezi chake, betri, na sevo mbili. Sevo ni mota ndogo inayovuta waya kwa kadiri kijiti cha rimoti kinavyosukumwa. Moja huendesha usukani ulio kwenye mkia wima. Nyingine huendesha kiinuzi, yaani kibao kilicho nyuma ya mkia mlalo kinachopandisha na kushusha pua. Wekeni betri mbele kabisa, kwani pua inahitaji uzito.

Hatua tano za majaribio

Kanuni yetu ilikuwa hii: hatuendi hatua inayofuata mpaka hii ya sasa imefaulu mara tatu. Tena tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na tunaandika kwenye daftari.

1. Mizani. Wekeni alama chini ya kila bawa, sm 6 kutoka ukingo wa mbele. Inueni ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Inapaswa kutulia, au kuinamisha pua kidogo sana. Mkia ukishuka, ongezeni uzito puani. Sisi tulitumia udongo wa mfinyanzi, gramu tano tano. Kisha angalieni kama bawa moja ni zito kuliko jingine.

2. Mwelekeo. Simameni nyuma ya ndege, si mbele yake. Kijiti kikienda kushoto, usukani uende kushoto. Kijiti kikivutwa nyuma, kiinuzi kipande juu. Asiyeshika rimoti ndiye anayesema anachokiona, kwa sauti. Hatua hii hurudiwa kila mara baada ya matengenezo yoyote, hata kama ni kubadilisha betri tu.

3. Mawasiliano. Rimoti nyingi za siku hizi zina njia ya kupunguza nguvu kwa ajili ya jaribio hili. Someni maelezo yake. Mtu mmoja ashike ndege, mwingine atembee na rimoti hadi umbali ulioelezwa. Sevo zikitetemeka au kusita, msirushe.

4. Uwanja. Tafuteni uwanja wenye nyasi siku ya upepo mdogo. Rusheni ndege kuelekea upepo, kwa usawa wa bega, pua ikiwa sawa na ardhi. Irusheni kama mkuki, msiitupe juu. Ndege iliyo sawa itaenda hatua 15 hadi 20 na kutua kwa tumbo.

■ Ikipandisha pua, ikasita, kisha ikaanguka kwa pua, huenda mmeirusha kwa nguvu mno. Rudieni kwanza. Ikifanya vile vile, ongezeni gramu tano puani.
■ Ikienda chini moja kwa moja, pimeni mizani tena. Kama mizani ni sawa, pandisheni kiinuzi milimita moja.
■ Ikipinda upande mmoja kila mara, angalieni kama bawa limejipinda au usukani haujanyooka.

Tulirusha mara 31 uwanjani. Vijana walilalamika kwamba tunachelewa. Lakini ile ya 31 ilinyooka kama uzi, na kila mmoja alijua kwa nini, kwa sababu ilikuwa imeandikwa.

5. Kilima kidogo. Kabla ya ukingo mkubwa tulikwenda kwenye kilima chenye nyasi, kimo cha mita 20 hivi. Hapo ndege ilikaa hewani nusu dakika, na wale wanaoshika rimoti wakapata nafasi ya kujifunza kupinda. Ndege inapokujia, kushoto kwako ni kulia kwake. Njia rahisi ya kukumbuka ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, nalo litainuka.

Usalama ukingoni

■ Ombeni ruhusa ya mwenye ardhi. Kenya na Tanzania zina sheria za vyombo visivyo na rubani, kwa hiyo waulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kurusha.
■ Mtu mmoja aende chini kuangalia watu na mifugo. Asiporudi na kusema pako wazi, hakuna kurusha.
■ Kama kuna watu hewani kwa miavuli, ndege ibaki chini.
■ Upepo uwe wa mita 4 hadi 6 kwa sekunde, ukija moja kwa moja kwenye mteremko. Ukiwa hafifu zaidi, ndege itashuka. Ukizidi mita 8, unaweza kuirudisha ndege nyuma ya ukingo, ambako hewa hubingirika na kuiangusha.
■ Pindeni daima kuelekea bondeni, kamwe si kuelekea mlima.
■ Tueni mkielekea upepo.

Neno ‘ngoja’

Baada ya ajali tuliweka sheria moja ambayo haihusu mbao wala betri. Mtu yeyote katika kikundi, mkubwa au mdogo, akisema ‘ngoja’, kazi inasimama. Hakuna kumwuliza kwa ukali. Hakuna kumcheka ikiwa amekosea. Tulimpa yule msichana daftari la ukaguzi. Yeye husoma kila hatua kwa sauti, na anayeshika ndege hujibu baada ya kuangalia kwa macho yake.

Mwanzoni sisi watu wazima tuliona ugumu. Tumezoea kwamba mdogo husikiliza na mkubwa husema. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwetu pia kazi iliendelea. Lakini tulitambua kwamba ndege yetu ilivunjika kwa sababu aliyeona hakuwa na nafasi ya kusema.

Siku ya pili ukingoni

Tulirudi ukingoni mwezi wa Machi, kabla ya mvua. Saa nne asubuhi upepo ulikuwa unatugonga usoni vizuri. Tulimwalika yule mama na mwanawe, na mbuzi wakabaki zizini kwa saa moja. Msichana alisoma daftari. Alipofika kwenye mwelekeo wa kiinuzi akasema, ‘Ngoja.’ Waya ulikuwa umelegea kidogo. Tulikaa chini dakika kumi na tano tukaukaza, kisha akaanza kusoma tena kutoka mwanzo.

Aliyeshika rimoti alikuwa yule yule kijana. Hatukumlazimisha. Tulimwuliza, naye akakubali. Ndege iliondoka mkononi, ikazama kidogo, kisha hewa ikaibeba. Alipinda kuelekea bondeni, akarudi, akapinda tena, akichora umbo la nane mbele yetu. Ilikaa hewani dakika sita. Ilipotua kwenye nyasi, mama alimwambia, ‘Leo mmeijaribu.’

Tangu siku hiyo tumeona mabadiliko katika karakana. Kijana aliyeona ndege ikianguka kwa sababu ya gramu kumi haoni tena taabu kupima mguu wa kiti mara mbili. Tulipojenga kenchi za paa la jengo la jirani, vijana wenyewe ndio waliodai tujaribu moja chini kwa kuipakia mifuko ya mchanga kabla ya kupandisha zote. Moja ya viungo ilifunguka. Ilifunguka ikiwa chini, bila mtu chini yake.

Maswali ya kujadili

■ Katika kazi ya kikundi chenu, ‘uwanja’ wa kujaribia ni upi, na ‘ukingo’ ni upi? Je, mna mazoea ya kuruka hatua?
■ Kazi ilipoharibika mara ya mwisho, nani alilaumiwa? Mlichunguza chanzo kabla au baada ya kulaumu?
■ Nani katika kikundi chenu huona mengi lakini husema machache? Mnaweza kufanya nini ili aweze kusema ‘ngoja’?
■ Baada ya matengenezo, nani hukagua? Je, ni yule yule aliyetengeneza?
■ Nani anaishi au kufanya kazi ‘chini ya mteremko’ wenu, na mmeshamwuliza maoni yake?